Volkano Tuliyoisingizia

Agosti 2022 niliingiza tindo chini ya karo moja, yaani kigae cha sakafu, mbele ya kaunta ya mkate kwenye supamaketi moja, nikagonga mara moja kwa nyundo, nalo likatoka zima kama sahani inayoondolewa mezani. Nilishtuka. Karo lililoshika halitoki zima. Unalivunja vipande, unakwangua, unatoka jasho, unamtukana aliyelibandika. Hili lilitoka safi, na nilipoligeuza nikaona mabonge matano ya sima, yaani saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, kila moja kama andazi. Kwenye lile la katikati kulikuwa na alama za vidole vinne. Nina mazoea ya kukandamiza bonge la kati kabla ya kulaza karo. Vidole vilikuwa vyangu.

Kazi ya kubandika vigae, ambavyo huku Goma, mashariki mwa Congo, tunaviita makaro, naifanya tangu 2003. Nilianza kama kijana wa kuchanganya sima, mwaka mmoja baada ya volkano ya Nyiragongo kushusha lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Mji ulikuwa unajengwa upya juu ya lava hiyohiyo; tuliivunja kwa nyundo kubwa mpaka tupate usawa wa kuweka msingi. Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno. Akimaliza chumba, kesho yake anarudi na mpini wa nyundo, anagonga karo moja baada ya jingine, kichwa amekiinamisha. Lililoshika linatoa sauti fupi na ngumu. Ambalo chini yake kuna hewa linatoa sauti ya kopo tupu. Yeye alisema linalia. Likilia analing'oa, hata kama mwenye nyumba amesharidhika na ameshalipa. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Duka lenyewe lilikuwa alimantasio ya zamani mjini, yaani duka la vyakula, ndefu, yenye giza, rafu za mbao na sakafu ya sima nyekundu iliyopigwa nta miaka mingi mpaka ikawa kama ngozi. Jengo ni la wakati wa Wabelgiji. Lava ya 2002 ilipita mtaa wa pili, ikaliacha. Oktoba 2019 patroni aliniita, akanionyesha picha kwenye simu za supamaketi za Kigali na za Dubai, akasema anataka duka lake liwe hivyo kabla ya Noeli. Mita za mraba 420. Alinipa wiki tatu, na ndani ya wiki hizohizo wapaka rangi, watu wa plafondi, yaani dari, na fundi wa umeme wote walikuwa juu ya vichwa vyetu.

Niliandika makadirio kama nilivyofundishwa. Makaro ya sentimita 60 kwa 60, meupe, ya kung'aa: 1,167 bila kuhesabu ya kukata na ya kuvunjika. Kole, ile gundi ya unga ya kubandikia, kama kilo 5 kwa kila mita ya mraba, yaani mifuko 84 ya kilo 25. Kwa bei ya siku zile ilikaribia dola 900 na kitu. Patroni akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Fundi, kole ya nini na sima iko?"

Hapo ndipo nilipaswa kumweleza. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini nilijua kuna mafundi wengine wawili waliokuja kupima sakafu ileile, na nilijua wao wangejibu nini. Nikasema, "Inawezekana na sima, patroni." Akachukua kalamu nyekundu, akaufuta mstari.

Pesa hiyo haikubaki mfukoni mwake. Iliongezwa kwenye ukuta wa mlangoni: majani ya plastiki ya kijani kutoka chini hadi juu, na katikati maandishi ya taa za rangi ya waridi. Kilikuwa kitu cha kupigia picha. Sitamcheka, maana ukuta ule ulileta watu. Mabibi harusi walikuja na wapambe wao Jumamosi, wakapiga picha, na kwa aibu ya kutoka mikono mitupu wakanunua juisi. Ninachosema ni kwamba ukuta hakuna anayeukanyaga.

Sasa nieleze tulichofanya chini, kwa sababu mteja wa supamaketi hawezi kukiona, na hata mwenye duka alikiona siku tatu tu kabla hakijafunikwa.

Sima haishiki kwenye nta. Sakafu nyekundu ile ilitakiwa kuchokolewa kwa tindo yote, alama karibu-karibu, mpaka uso uwe na makovu ya kushikilia. Ni kazi ya siku nne au tano kwa vijana sita, yenye vumbi na kelele, na mwisho wake hakuna kitu cha kumwonyesha bosi. Tuliiosha kwa sabuni ya unga. Halafu, kwa kuwa sakafu ya zamani ilikuwa na mabonde, tukatumia mabonge matano. Kwa fundi mwenye haraka mabonge ni raha: unalaza karo, unaligonga kwa nyundo ya mpira huku unaangalia nivo, yaani pimamaji, likizama upande huu unagonga upande ule, dakika mbili umemaliza. Juu linaonekana sawa kama meza. Chini, zaidi ya nusu ya karo inakaa juu ya hewa. Kanuni za ufundi wetu zinataka angalau asilimia 80 ya mgongo wa karo iguse kole mahali pakavu, na 95 mahali penye maji. Tindo ya 2022 ilinionyesha kwamba sisi tuliacha labda 30.

Na joa, ile nafasi kati ya karo na karo. Patroni aliwahi kuona mahali makaro yamegusana mpaka sakafu inaonekana kipande kimoja cha kioo, akataka vilevile. Tukaacha milimita 1, tukajaza unga mweupe. Pembeni tukasukuma makaro mpaka yakagusa ukuta, tukafunika na plinti, ule ukingo wa chini ya ukuta. Sakafu ya mita 30 kwa 14, imebanwa pande zote nne, haina hata mstari mmoja wa kupumulia.

Kilibaki chumba kimoja nyuma ambacho hatukukifikia. Makaro yaliisha, na shehena ya pili ilipofika toni haikulingana. Nyeupe ya kwanza ilikuwa kama maziwa, ya pili kama mtindi uliokaa. (Ukinunua makaro, soma namba ya toni kwenye kila boksi, si kwenye boksi la juu peke yake. Hilo nalo nililijua.) Chumba hicho kilikuwa na granito ya Wabelgiji, ile sakafu ya sima iliyochanganywa na vipande vya mawe halafu ikasagwa mpaka ikalainika, na ndani yake vijia vyembamba vya shaba vilivyoigawa mraba kwa mraba. Ilikuwa imechafuka kwa mafuta na miaka. Tulifunga mlango, tukaweka sabuni na mifuko ya mkaa. Kijana wangu mmoja akauliza kama ile shaba inaweza kung'olewa ikauzwa. Nilimkataza kwa sababu ya muda tu.

Siku ya ufunguzi, katikati ya Desemba, nilisimama mlangoni nikaona kazi yangu, na lazima nikiri kwamba moyo ulijaa. Plafondi ya jipsi yenye ngazi tatu na mstari wa dhahabu. Taa za LED nyeupe kali. Rafu za chuma za rangi ya machungwa. Na chini, sakafu iliyokuwa inairudisha plafondi yote kama maji ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka.

Kisha akaja mama mmoja kutoka mtaa wa Birere, kikapu mkononi, mtoto mgongoni, viatu vya plastiki vyenye mchanga mweusi. Akasimama kwenye kizingiti. Akaangalia sakafu, akaangalia viatu vyake, akamwuliza mlinzi kwa sauti ndogo:

"Tunaingiaka na viatu?"

Mlinzi akamwambia aingie tu. Mama akatazama tena, akasema atarudi, akageuka. Mlinzi alicheka, nami nilicheka. Nilidhani ni sifa kwa kazi yangu. Yule mama alikuwa amekuja kununua mafuta ya kupikia na chumvi, na kama alivyo yeye ndivyo walivyo wengi wanaolisha maduka ya mji huu. Miezi iliyofuata nilimsikia meneja akilalamika kwamba watu wanapita nje wanatazama kwa kioo lakini hawaingii, wanaenda kununua kwenye vibanda vya jirani kwa bei hiyohiyo. Alifikiri tatizo ni matangazo.

Wale walioingia walipata shida nyingine. Julai mwaka ule mgonjwa wa kwanza wa Ebola alikuwa amegunduliwa Goma, na kila mlango wa mji ulikuwa na ndoo ya bomba na maji ya klorini. Unanawa, unakung'uta mikono, unaingia. Maji yanadondoka. Kwenye sakafu ya zamani ya sima hakuna aliyejali. Kwenye karo linalong'aa, maji hayaonekani. Taa juu inawaka, sakafu yote inameta, huwezi kutofautisha palipo kavu na palipo na maji. Wiki ya kwanza kijana aliyebeba trei ya mayai alikwenda chini na trei yake. Wiki ya pili akaanguka mzee wa watu, akakaa chini kimya muda mrefu. Meneja akaamuru makatoni ya maziwa yafunguliwe yalazwe mlangoni. Yakawa yanaloa, yanararuka, yanabadilishwa asubuhi na mchana. Basi ukiingia kwenye supamaketi ile ya kisasa, kitu cha kwanza kukanyaga kilikuwa boksi lililochanika, chini ya ukuta wa majani na maandishi ya waridi. Ebola ilitangazwa kwisha Juni 2020, lakini Corona ilikuwa imeshakuja, na ndoo ikabaki palepale.

Halafu vumbi letu. Mtu wa Kinshasa akisikia vumbi anafikiria kitu chekundu chepesi. Hapa ni mchanga wa lava, mweusi, wenye makali. Unaingia na soli za viatu na unafanya kazi ya msasa. Miezi sita baadaye njia za watu zilikuwa zimechorwa kwenye sakafu: kutoka mlangoni hadi mkate, kutoka mkate hadi kaunta ya kulipia. Hapo mng'aro ulikufa, pembeni ukabaki. Unga mweupe wa joa ukawa wa kijivu, baadaye mweusi, na mama wa usafi alikuwa anausugua kwa brashi ya meno.

Ni huyo mama wa usafi aliyenisimamisha Februari 2020, nilipopita kudai salio langu. Alikuwa anapiga deki njia ya katikati, ile inayotoka stoo kwenda kwenye rafu ya sukari na mchele. Akaligonga karo moja kwa mti wa deki.

"Fundi, hii karo iko nalia."

Neno lilelile la mzee wangu, na hawakuwahi kukutana. Akanionyesha jingine, na jingine. Mstari mzima, na pembe za matatu zilikuwa zimeshaanza kuchanika. Nilijua kwa nini. Njia hiyo ndiyo ya transpaleti, ule mkokoteni mdogo wa chuma unaonyanyua mizigo. Paleti ya sukari ni tani nzima, na uzito wote huo unashukia kwenye magurudumu madogo magumu yanayogusa sakafu sehemu isiyozidi kiganja. Likipita juu ya karo lililojaa kole, karo linaupeleka uzito chini. Likipita juu ya pembe yenye hewa, pembe inavunjika kama biskuti. Hakuna siri hapo.

Nikamwambia, "Itakauka, mama." Miezi miwili baada ya kubandika! Alinitazama tu, akaendelea na deki yake. Nilirudi Jumapili, nikabadilisha makaro 12, kwa mabonge yaleyale, nikalipwa.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulifunguka. Sitaieleza sana; aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo ameona picha za mbingu nyekundu. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kilichofuata ndicho kilichotutesa: ardhi ilitetemeka usiku na mchana, siku baada ya siku, nyufa zikafunguka barabarani, kuta zikadondoka. Tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mimi na familia tulitembea hadi Sake, wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu.

Tuliporudi, patroni aliniita. Katikati ya duka makaro yalikuwa yameinuka, mawili-mawili yameegemeana kama paa la nyumba, mstari wa mita kumi hivi. Kwenye njia ya sukari yalikuwa yamesagika. Patroni alisimama mikono kiunoni.

"Volkano, fundi. Tutafanya nini?"

"Volkano, patroni," nikasema.

Ilikuwa rahisi ajabu. Mji mzima ulikuwa na nyufa, kila mtu alikuwa na kitu cha kulaumu mlima, na mlima haujawahi kumjibu mtu. Patroni alipiga picha akawapelekea wale waliomkopesha pesa. Meneja aliwaambia wateja. Mimi niliwaambia vijana wangu, na nadhani kufikia Septemba nilikuwa naamini kabisa. Duka lilifanya kazi mwaka mmoja zaidi likiwa na mbao zimelazwa juu ya sehemu mbovu.

Ndipo ikaja Agosti 2022, tindo, na lile karo lililotoka zima na vidole vyangu mgongoni.

Sikuamini macho, nikang'oa la pili, la tatu, la kumi. Yote yalitoka makavu. Juu ya sakafu nyekundu hakukubaki hata doa la sima. Nta ilikuwa imeyakataa tangu siku ya kwanza. Bado nilijaribu kujitetea kichwani: tetemeko lile lingeng'oa hata kazi nzuri. Nikaenda kuchukua ndoo kwenye chumba cha sabuni. Nilipofungua mlango, kijana wangu aliyekuwa nyuma na kurunzi akamulika chini.

Granito ilikuwa palepale. Tulisogeza mifuko, tukafagia, tukamwaga maji, nikapiga magoti na kurunzi nikaifuata sentimita kwa sentimita. Sikupata ufa wa kuingiza ukucha. Jengo lilelile, tetemeko lilelile, ukuta mmoja tu kati yake na makaro yangu.

Nikaanza kuitazama ile shaba ambayo siku zote nilidhani ni urembo. Kila baada ya mita moja hivi kuna kijia, na kijia kinashuka mpaka chini ya granito. Sakafu ikitaka kuvuta au kusukuma, inacheza kwenye mistari ile, kila mraba kwa nafasi yake, badala ya kujipasulia njia yenyewe. Mafundi wa zamani, na wengi wao walikuwa babu zetu hata kama mchoro ulitoka kwa Mbelgiji, waliweka dawa ya nyufa wakaipa sura ya pambo. Mimi nilikuwa nimebana mita za mraba 420 ukuta kwa ukuta, bila mstari hata mmoja, eti ionekane kioo. Kinachoinua makaro kama paa la nyumba ni hicho. Yanatanuka kidogo kwa joto na unyevu, sima ya chini inajikunja inapokauka, kuta zinasogea, na kama hakuna nafasi popote, msukumo unatafuta mahali ambapo karo halikushikwa. Tetemeko lilisukuma kwa nguvu kweli. Lilisukuma kitu ambacho tayari kilikuwa kimeachia.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Ningeweza kuzoa uchafu wote kwenye gari, nikalipwa kwa kung'oa na kulipwa kwa kubandika upya, na hakuna ambaye angejua. Siku ya tatu nikapanda ofisini na lile karo la kwanza chini ya kwapa, nikaliweka mezani kifudifudi.

"Patroni, hii si volkano."

Akaliangalia. Akaweka kidole juu ya zile alama za vidole.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Wangu."

Alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Badala yake akavuta mtoto wa meza, akatafuta-tafuta kwenye faili, akatoa karatasi ya makadirio ya 2019. Mstari wa kole ulikuwa bado na ule wino mwekundu. Akaiweka kando ya karo.

"Na huu?"

Hakucheka, nami sikucheka. Tukaanza kubishana bei, na tulibishana mpaka taa zikawashwa. Mwisho nilikubali ufundi kwa nusu, naye akakubali kole yote, na siku zote nitakazotaka za kuchokoa. Akataka pia nisiongee mjini. Hilo la mwisho nimeona miaka imepita ya kutosha.

Kazi ya pili ilichukua wiki saba, duka likifanya kazi nusu kwa nusu, pazia la plastiki katikati. Makaro yalichelewa kwa sababu Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, ilikuwa imetekwa na waasi wa M23 Juni na mizigo ya Kampala ilibidi izungukie Rwanda. Tulichokoa sakafu nyekundu yote. Vijana walitema vumbi jekundu wiki nzima. Safari hii tulichagua karo la rangi ya majivu, lisilong'aa, gumu hadi ndani, ili likichubuka rangi iwe ileile. Kwenye boksi limeandikwa R10. Ni kipimo cha kuteleza, na R9 ndiyo ya chini kabisa. Yale meupe ya kwanza hayakuwa na kipimo chochote. Kole tuliivuta kwa mwiko wa meno chini, halafu tukapaka nyingine mgongoni mwa kila karo. Kila karo la kumi nililinyanyua likiwa bichi kuangalia kama mgongo umejaa, na vijana walichukia kitendo hicho kuliko vumbi. Joa milimita 3, za kijivu. Kila mita 8 hivi tukaacha mstari tuliojaza silikoni badala ya unga, tukaupanga ufuate kingo za rafu usionekane. Kuzunguka kuta zote tukaacha nafasi ya kidole chembamba chini ya plinti. Stoo na njia ya kupakulia hatukuweka makaro kabisa, tulimwaga zege tukalisugua likawa laini, maana transpaleti inalipenda zege kuliko kitu chochote.

Mlangoni tulishusha shimo la urefu wa hatua tatu na kuweka zulia la mpira lenye vyumba, mchanga mweusi unadondokea humo na maji yanabaki humo. Mama wa usafi ndiye aliyenionyesha litokee wapi mpaka wapi. Nilikuwa nimechora hatua moja. Alisimama akanihesabia watu kumi wakiingia, akaonyesha pale ambapo viatu vyao viliacha kuandika.

Pesa ya plafondi mpya haikupatikana, kwa hiyo ngazi za jipsi bado zipo na kiraka kimoja kikubwa. Fundi wa umeme alibadilisha taa tu. Zile za kwanza ziliandikwa 6500 kwenye boksi, ambacho ni kipimo cha rangi ya mwanga: nyeupe ya buluu, nyama ilikuwa inaonekana kama imekufa mara mbili. Sasa ni 4000 dukani, na 3000, ya manjano zaidi, juu ya mkate. Mauzo ya mkate yalipanda, au patroni ndivyo anavyosema.

Na granito. Patroni aliita wazee wawili wenye mashine ya kusaga, wakaipitisha mawe makali halafu laini kwa siku tano. Ikatoka chini ya mafuta ile rangi ya zamani, vipande vyeupe, vyeusi na vya kahawia, na shaba ikawaka. Ukuta kati ya chumba cha sabuni na duka ukabomolewa, kaunta ya mkate ikahamia huko. Watu wanauliza ameagiza wapi sakafu ile. Yeye anajibu, Italia.

Jioni ya kuamkia ufunguzi tulibaki watu watatu ndani. Nilikuwa nimeshagonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo, njia kwa njia, na nilikuwa nimechoka na nimeridhika. Mama wa usafi akachukua mti wa deki, hakuuliza mtu, akaanza tena kutoka mlangoni. Tok, tok, tok. Sauti fupi, ngumu. Akapita njia ya sukari bila kusimama. Akapita kaunta za kulipia. Mbele ya friji ya maziwa akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akagonga tena, akainamisha kichwa.

"Fundi. Hii moja."

Nikaenda kutafuta tindo.